Leza imefanyika, ukungu umebaki: je, nirudie?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 39. Miezi 10 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa macho kwa leza, ule wa kukata kifuniko kwenye konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), kwa sababu nilikuwa sioni mbali. Miwani yangu ilikuwa -5.50 macho yote mawili. Jicho la kulia limekaa vizuri. La kushoto linaona vizuri kiasi asubuhi, lakini ikifika jioni, hasa nikiwa nimeshinda kwenye kompyuta, maandishi ya mbali yanaingia ukungu, na usiku taa za magari zinazungukwa na duara za mwanga. Wamenipima, wakasema jicho la kushoto limebaki na -0.75 na astigmatizimu, yaani mpindo wa jicho usio sawa pande zote, ya -0.50. Kliniki iliyonifanyia iko tayari kurudia leza bila malipo. Mtaalamu mwingine ananiambia nivae miwani tu, nisiguswe tena. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, dada. Pole kwa usumbufu huo. Mtu aliyebeba miwani ya -5.50 kwa miaka, akajipa moyo na kulala chini ya leza, ana haki ya kusikitika jicho moja linapobaki nyuma.

Ushauri wangu ni huu: usirudie leza kwa sasa, na pia usikubali kuambiwa kwamba jambo limekwisha. Wote wawili wamekuambia la kufanya kabla hawajakuambia ukungu wako unatoka wapi. Ukungu unaobaki baada ya leza una vyanzo kadhaa, na leza ya pili inatibu vichache tu kati ya hivyo. Ikipigwa kwa chanzo kisicho chake haitasaidia, na sehemu ya konea itakayoondolewa haitarudi. Muda unao. Namba ya -0.75 haiharibu jicho kwa kukaa, na miezi miwili au mitatu ya uchunguzi haikupotezei kitu.

Kwanza nikuondolee dhana moja. Kubaki na namba ndogo hakumaanishi kwamba aliyekupasua amekosea. Leza inayochonga konea hutumia mwanga wa urujuanimno wa nanomita 193, na inaondoa tishu kwa usahihi mkubwa sana. Kwa asiyeona mbali inalaza katikati ya konea ili taswira itue juu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kuishia mbele yake. Ila mashine inachonga konea leo, na konea inaendelea kupona kwa miezi. Ngozi ya juu ya konea, yenye unene wa mikroni 50 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), ina tabia ya kunenepa pale palipolazwa, kana kwamba inataka kusawazisha uso, na hapo sehemu ya namba inarudi. Namba ya mwanzo ikiwa kubwa, nafasi ya jambo hilo nayo ni kubwa, na -5.50 si namba ndogo. Jicho moja kurudi nyuma kidogo huku lenzake likitulia ni jambo tunaloliona mara kwa mara.

Kilichonivuta zaidi katika barua yako ni tofauti ya asubuhi na jioni. Namba ya kweli ya jicho haina saa. Kama ukungu ungetokana na ile -0.75 peke yake, ungeukuta saa mbili asubuhi kama unavyoukuta saa mbili usiku, labda tu usiku ukauona zaidi kwa sababu mboni imepanuka. Ukungu unaokuja baada ya kushinda mbele ya kompyuta unanielekeza kwenye machozi.

Huenda hukuwahi kuambiwa kwamba kitu cha kwanza kinachopinda mwanga unaoingia jichoni ni utando wa machozi uliotandazwa juu ya konea. Utando huo ukiwa laini, taswira ni safi. Ukikatika vipandevipande, taswira inachafuka hata kama konea yenyewe imechongwa vizuri. Sasa, kukata kifuniko kunakata pia mishipa midogo ya fahamu ya konea, ile inayoliarifu jicho kwamba limekauka na kuliamuru litoe machozi na kupepesa. Mishipa hiyo inaota tena polepole, kwa watu wengi ndani ya miezi 6 hadi 12, na kwa wengine inachukua muda zaidi. Ndiyo maana jicho linaweza kuwa kavu bila kuuma wala kuwasha, likakuonyesha ukavu wake kwa ukungu peke yake. Shirika la FDA la Marekani, linalosimamia dawa na vifaa vya tiba, lilifuatilia watu waliofanyiwa upasuaji kama wako katika tafiti mbili zilizoitwa PROWL. Katika mmoja wao, zaidi ya robo ya waliokuwa hawana dalili zozote za ukavu kabla ya upasuaji walikuwa nazo miezi 3 baadaye. Si tatizo la watu wachache wenye bahati mbaya. Ongeza hapo kompyuta: tukikodolea kioo, tunapepesa mara chache sana, na mara nyingi kope hazifungi hadi mwisho.

Kuna jambo zito zaidi ndani yake. Jicho kavu linadanganya kipimo. Mashine inayosoma namba, hata ile inayochora ramani ya konea, inasoma uso wa machozi. Machozi yakiwa yamekatika, inaweza kukupa astigmatizimu isiyokuwepo, au ikaongeza namba iliyopo. Ukipigwa leza kwa kipimo hicho, konea yako itachongwa kufuata kosa la machozi, na kukiinua kifuniko upya kutaiumiza tena ile mishipa iliyokuwa inajitahidi kuota. Hapo utatoka na ukavu uliozidi na namba mpya isiyo sahihi. Hilo ndilo ninalotaka kukuepusha nalo.

Kwa hiyo, kwa wiki 6 hadi 8 zijazo, tibu machozi kwa bidii ileile ambayo ungetayarishia upasuaji. Tumia machozi bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi, yale ya vichupa vidogo vya kutumia na kutupa, mara 4 hadi 6 kwa siku. Usisubiri ukungu uje. Weka kabla ya kukaa kwenye kompyuta na katikati ya kazi. Jioni kanda kope kwa kitambaa safi cha vuguvugu dakika 5 hadi 10, kisha zisugue taratibu kuelekea kwenye kingo zake, maana tezi za mafuta zilizoziba humo ndizo zinazofanya machozi yakauke upesi. Kioo cha kompyuta kishushe kiwe chini kidogo ya usawa wa macho, na upepo wa feni au kiyoyozi usikupige usoni. Hayo yasipokutosha, daktari anaweza kukuandikia matone ya siklosporini, dawa ya kutuliza uvimbe unaokausha macho, ambayo hufanya kazi baada ya wiki kadhaa na si siku mbili, au akaziba vitundu vya kupitishia machozi kwa vizibo vidogo sana ambavyo vinaweza kutolewa baadaye. Nakuomba sana usirudie matone ya steroidi yaliyobaki baada ya upasuaji. Yanaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho bila wewe kuhisi chochote.

Baada ya hapo pimwa upya, na si mara moja. Taka vipimo viwili vilivyoachana angalau mwezi mmoja, kimoja asubuhi na kingine mwisho wa siku ya kazi. Kwa kuwa una miaka 39 na unatazama karibu siku nzima, omba pia kipimo kimoja kifanywe baada ya kuwekewa matone ya kulegeza misuli ya kulenga. Misuli hiyo ikikakamaa, jicho linajifanya lina tatizo la kutoona mbali kubwa kuliko lililo nalo kweli. Namba zikikubaliana, tofauti isizidi robo ya diopta (kipimo cha namba ya miwani) au nusu kwa wingi, basi tuna namba ya kuaminika. Kama una kisukari, kipimo kifanyike sukari ikiwa imetulia. Kama una mimba au unanyonyesha, suala la leza liahirishwe kabisa.

Ukiwa nyumbani unaweza kujisaidia kwa majaribio mawili. Toboa kadi ngumu kwa sindano, tundu la milimita moja hivi, ziba jicho la kulia, kisha tazama maandishi ya mbali kwa jicho la kushoto kupitia hilo tundu wakati ukungu umekuja. Maandishi yakisafika, tatizo liko kwenye njia ya mwanga: namba, machozi au umbo la konea. Yasiposafika kabisa, usizungumze leza na mtu yeyote hadi mboni ipanuliwe na lenzi pamoja na retina vichunguzwe. Jaribio la pili ni la jioni: weka tone la machozi bandia, pepesa, subiri dakika moja, utazame tena. Ukungu ukiondoka kisha ukarudi baada ya muda mfupi, umeshaijua sehemu kubwa ya adui wako.

Nije kwenye duara za taa. Katika tafiti hizohizo za PROWL, hadi asilimia 40 ya waliokuwa hawaoni duara hizo kabla ya upasuaji waliziona miezi 3 baadaye, kwa hiyo hauko peke yako. Chanzo chake kinaweza kuwa rahisi: namba ndogo iliyobaki, inayojionyesha usiku kwa kuwa mboni imefunguka. Kinaweza pia kuwa umbo la konea lenyewe, kwa mfano eneo lililochongwa likiwa dogo kuliko mboni yako ya gizani, au likiwa limekaa pembeni ya katikati. Kutofautisha ni rahisi, na nashangaa jinsi hatua hii inavyorukwa. Omba miwani ya majaribio yenye namba ya jicho la kushoto, uitazamie taa za mbali gizani. Duara zikitoweka, ni namba, na miwani ya kuendeshea gari usiku inatosha. Zikibaki vilevile, leza ya kawaida ya kuondoa -0.75 haitazifuta. Hapo ujaribiwe lenzi ngumu ya kuvaa jichoni. Machozi yanajaza nafasi kati ya lenzi hiyo na konea, na uso wa lenzi unakuwa uso mpya ulio sawa. Picha ikisafika nayo, tumejua kasoro iko kwenye umbo la konea, na tiba yake ni kuendelea na lenzi ya aina hiyo au leza inayoongozwa na ramani ya konea. Hiyo ya mwisho ni kazi ya bingwa aliyeizoea.

Sasa jambo ambalo lazima liondolewe mezani kabla ya kila kitu. Kwa watu wachache, konea iliyopunguzwa inadhoofika na kuanza kuvimbia mbele polepole, miezi au miaka baada ya leza. Tunaiita ektasia; daktari wa macho Theo Seiler na wenzake waliieleza mwaka 1998. Mwanzoni inafanana na hali yako: namba kidogo inarudi, astigmatizimu inajitokeza, mara nyingi jicho moja kuliko lingine. Kumpiga leza ya pili mtu mwenye ektasia ni kumwongezea maradhi. Tiba yake ni kuikaza konea kwa matone ya riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa urujuanimno A, kuzuia isiendelee, halafu kurekebisha uoni kwa miwani au lenzi ngumu. Sikuambii hili kukutisha, maana hakuna kitu katika barua yako kinachonionyesha kwamba unayo. Nakuambia kwa sababu kipimo cha kuiondoa ni rahisi na hakiumi. Kliniki ikuwekee mezani ramani tatu za konea ya kushoto: ya kabla ya upasuaji, ya miezi ya mwanzo baada yake, na ya leo, uso wa mbele na wa nyuma. Zilinganishwe. Wakikuambia hawaoni haja ya kufanya hivyo, usifanyiwe chochote hapo. Na kama una tabia ya kufikicha macho, iache leo.

Tuseme basi umetibu machozi, namba imetulia, ramani ni salama, na -0.75 na -0.50 bado zipo. Hapo miwani na leza ya pili vyote ni majibu ya halali, na uamuzi ni wako. Ila kuna jambo la umri ambalo naona hakuna aliyekugusia. Uko miaka 39. Katika miaka michache ijayo lenzi ya ndani ya jicho itaanza kukosa wepesi wa kulenga karibu, kama inavyotokea kwa kila mtu, na leza haizuii hilo. Jicho lililobaki na -0.75 litakuwa linakusomea maandishi madogo wakati lile la kulia linakuonea mbali. Kuna watu wanaoomba jicho moja liachwe hivyo kwa makusudi. Kabla hujaondoa, vaa lenzi laini yenye namba hiyo kwenye jicho la kushoto kwa wiki mbili au tatu, kama konea yako itaipokea vizuri, au miwani. Utaona unachopata mbali na utakachopoteza karibu. Nimeshuhudia watu wakibadili mawazo kwa sababu ya jaribio hili, wengine kuelekea leza na wengine kuiacha.

Ukiamua kurudia, njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kukiinua kifuniko cha zamani na kupiga leza chini yake. Kwa miezi 10 bado kinainuka bila shida kubwa, maumivu ni kidogo na uoni unarudi upesi. Hatari yake ni ngozi ya juu ya konea kupenya chini ya kifuniko na kuota humo. Hatari hiyo inaongezeka miaka inavyopita, na wengi wetu hatupendi kuinua kifuniko cha zaidi ya miaka mitatu. Ya pili ni kukiacha kifuniko kilivyo, kuondoa ngozi ya juu peke yake na kuchonga kutoka juu. Hii inauma kwa siku kadhaa za mwanzo, na uoni unajijenga kwa wiki nyingi. Konea iliyochongwa namna hiyo inaweza kupata utusitusi, ndiyo sababu tunaipaka dawa ya mitomaisini kidogo sana wakati wa upasuaji na kumtaka mgonjwa avae miwani ya jua kwa miezi. Kwako, machozi yakishapona, mimi ningeegemea kukiinua kifuniko, ikiwa unene unaruhusu.

Unene ndio wenye neno la mwisho. Konea ni kama kitambaa mikononi mwa fundi cherehani: kinapunguzwa, hakiongezwi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba chini ya kifuniko zibaki angalau mikroni 250, na madaktari waangalifu wanataka 300. Kwa eneo la kuchonga la milimita 6.5, kila diopta inakula mikroni 14 hivi, na mashine nyingine zinakula zaidi. Tuchukue konea ya mikroni 530 na kifuniko cha 110. Kutibu -5.50 kuliondoa kama 77, zikabaki 343 chini ya kifuniko. Leza ya pili kwa namba yako ingeondoa kama 17 au 18, na bado ungekuwa mahali pazuri. Chukua konea nyingine ya mikroni 500, kifuniko cha zamani cha 160: zilibaki 263, na leza ya pili inakushusha chini ya 250. Namba ya miwani ni ileile, lakini jibu la pili ni hapana. Kwa hiyo usiulize unene wa konea nzima peke yake. Uliza kifuniko chako kina unene gani hasa, na kama hawana rekodi, kipimwe kwa mashine ya OCT, inayopiga picha za tabaka za jicho kwa mwanga, ya sehemu ya mbele ya jicho.

Mwishowe, chukua nakala ya mafaili yako yote: namba ya kabla, ramani, unene, kina kilichochongwa. Ukifika siku ya kutolewa mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi ya kupandikizwa ni ngumu kwa jicho lililopigwa leza, na karatasi hizo zitamsaidia sana daktari. Mwambie pia kila atakayekupima presha ya macho kwamba ulifanyiwa leza, maana konea iliyopunguzwa husoma presha ya chini kuliko ilivyo, na glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, inaweza kupita bila kuonekana. Retina yako nayo ni ileile ya mtu wa -5.50. Ukiona vimulimuli vya ghafla, mvua ya vidoa vyeusi au pazia linaloziba upande mmoja, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu makali, wekundu unaoongezeka, au jicho kugongwa, kwa kuwa kifuniko kinaweza kusogea hata miaka baadaye.

Kuhusu kliniki yako: huduma ya kurudia bila malipo mara nyingi ina ukomo wa muda, na ukomo huo humfanya mtu akubali haraka. Waandikie wiki hii kwamba unatibiwa ukavu kwanza, na uwaombe wakuthibitishie kwa maandishi kwamba nafasi yako itabaki hadi vipimo viwili vya mwisho vitoke.